Ukimgusa mwenyeji, kimelea nacho kinajibu: mazungumzo kuhusu simulesheni za magonjwa yanayobadilika pamoja na sisi

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na vijana wa huko nyuma mambo vipi. Naona kuna manesi, kuna wanafunzi wa kompyuta, kuna wafugaji wa kuku, na nimefurahi sana kuwaona wote humu ndani maana mada ya leo inamgusa kila mmoja kwa upande wake. Naongelea jinsi tunavyotumia kompyuta kuangalia kiumbe na ugonjwa wake wanavyobadilika pamoja kizazi hadi kizazi, yaani mmoja anapata kinga, mwenzake anatafuta njia ya kuipita hiyo kinga, alafu yule wa kwanza anabadilika tena na mambo yanaendelea hivo bila kuisha. Nikisema mwenyeji leo namaanisha yule anayeingiliwa na ugonjwa, awe binadamu, sungura au kuku.

Na niseme mapema ninachokiamini ili msinisubiri: mipango yetu mingi ya afya imepangwa kama vile kimelea kimekaa tu kinatusubiri tumalize kazi. Tunahesabu vyandarua, tunahesabu dozi, tunahesabu chanjo, na ni vizuri kabisa, ila kwenye hizo hesabu hatuweki kwamba upande wa pili nao utajibu. Simulesheni, yaani kuigiza mambo haya kwenye kompyuta, ndo njia ya bei nafuu tuliyonayo ya kuuliza utajibu vipi, na lini, kabla watu hawajaumia.

Nianze na Tierra kwa sababu hiyo ndo iliyonifanya niipende kazi hii.

Mwaka 1990 Mmarekani mmoja anaitwa Tom Ray, mwanabiolojia aliyesoma sana misitu ya Costa Rica, alitengeneza dunia ndogo ndani ya kompyuta akaipa jina Tierra. Humo ndani hakuna damu wala majani, kuna programu fupi tu zinazojinakili zenyewe na kugombania memori na muda wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kiumbe wa kwanza alimwandika yeye mwenyewe, alikuwa na maelekezo 80, na maisha yake yote yalikuwa haya: jipime urefu, tafuta nafasi kwenye memori, jinakili, rudia. Ray akaweka makosa madogo madogo kwenye kunakili ili watoto wasifanane kabisa na mzazi, akaweka na utaratibu wa kuwafuta baadhi memori ikijaa, akaacha programu ikimbie.

Baadae akaja kukuta humo kuna kiumbe chenye maelekezo 45. Sasa subirini muelewe uzito wake, maelekezo 45 hayatoshi kujinakili, ile sehemu ya kunakili haipo kabisa, imekatwa, kwahiyo kwa haki kingetakiwa kife bila mtoto. Kinachofanya ni kwenda kwa jirani mwenye 80, kinatumia sehemu ya kunakili ya jirani kujitoa kopi zake, alafu kinaendelea na safari. Kimelea kamili! Na hakuna aliyekiweka. Kwa sababu ni kifupi kinanakiliwa haraka, kinajaa kila mahali, ila kikishajaa wenyeji wanakuwa wachache na kimelea nacho kinakosa wa kumtegemea, kinapungua. Baada ya hapo wakatokea wenyeji ambao kile kimelea hakiwawezi tena. Alafu, na hapa huwa nasisimka kila nikisimulia, wakatokea viumbe ambao kimelea kikija kuazima sehemu yao ya kunakili wanakinyang'anya prosesa yake na kuitumia kujizalisha wao.

Yaani ukishakuwa na vitu vinavyojinakili, vinavyokosea kidogo, na vinavyogombania nafasi, vimelea vitakuja tu, hata kama hukuwaalika na hata kama dunia yenyewe ni ya umeme. Mimi hilo lilinibadilisha kabisa jinsi ninavyoliangalia tatizo la usugu wa dawa, nitalifikia.

Ninyi vijana wa kompyuta, simulesheni ya kuanzia mnaweza kuandika leo usiku kwenye laptopu ya kawaida. Weka wenyeji 1,000, kila mmoja ana kufuli moja, aina A au aina B. Weka vimelea, kila kimoja kina ufunguo, A au B, na ufunguo wa A unafungua A tu. Kila kizazi kila mwenyeji anakutana na kimelea kimoja kwa bahati nasibu, ufunguo ukiingia mwenyeji anazaa watoto wachache na kimelea kinazaa wengi, usipoingia mwenyeji anazaa kama kawaida na kimelea kinatoka mikono mitupu. Anza na wenyeji 900 wenye kufuli A, alafu chora grafu.

Utakachokiona ni kwamba funguo za A zinaongezeka haraka maana ndo zenye soko, wenyeji wa A wanaanza kushuka, wale wachache wa B ambao hakuna aliyekuwa na habari nao wanapanda, wanapanda, mpaka wao ndo wanakuwa wengi. Lakini angalia mstari wa vimelea hapo hapo: bado wengi wao wana funguo za A! Wanafuata wenyeji wa jana. Inapita muda ndo funguo za B zinashika kasi, B nao wanaanza kuumia, A wanarudi, na grafu inakuwa mawimbi mawili, la kimelea likiwa nyuma kidogo ya la mwenyeji muda wote. Huo uchelewaji mdogo ndo unaozungusha kila kitu, kwahiyo hakuna kufuli bora kwa siku zote, bora ni ile ambayo kwa wakati huo ni adimu.

Sasa punguza wenyeji kutoka 1,000 hadi 50 na urudie. Mawimbi yakishuka chini, aina moja inafutika kwa bahati mbaya tu, hakuna aliyeirudisha, na kuanzia hapo wenyeji wote wana kufuli moja. Ufunguo wake ukishajaa, hakuna pa kukimbilia. Wafugaji wanaojaza banda zima kuku wa ukoo mmoja waliofanana kila kitu walifikirie hilo kwa makini.

Haya, tutoke kwenye kompyuta twende Australia. Sungura waliletwa kule mwaka 1859, wakazaliana hadi wakawa janga kwa wakulima, na mwaka 1950 serikali ikaachia kirusi cha myxoma makusudi ili kiwaue. Mwanzoni kiliua zaidi ya sungura 99 katika kila 100 walioambukizwa. Kulikuwa na taharuki kwamba kingeingia kwa watu, mpaka Frank Fenner na wanasayansi wenzake wawili, Burnet na Clunies Ross, wakajidunga wenyewe kirusi hicho kuonyesha kwamba binadamu hadhuriki, na kweli hawakudhurika. Fenner ndo aliyekaa kufuatilia nini kinatokea kati ya kirusi na sungura mwaka hadi mwaka, na kwa kweli ni moja ya kazi nzuri kuliko zote katika historia ya sayansi ya magonjwa.

Ndani ya miaka michache virusi vilivyotawala porini havikuwa tena vile vikali kabisa, vilikuwa vinaua kama asilimia 70 hadi 95. Kwanini? Kirusi kikali kabisa kilikuwa kinamuua sungura kabla hata wiki mbili hazijaisha, na mbu, ambaye ndo anayekisambaza, hamng'ati mzoga. Kile cha wastani kilimwacha sungura mgonjwa wiki tatu au zaidi akiwa na vidonda vimejaa virusi, mbu wanapita wanachukua. Kirusi hakikuwa na huruma, kilikuwa na hesabu: unaambukiza kwa kasi gani, mara muda ambao mgonjwa wako anakuwa hai. Robert May na Roy Anderson waliiweka hiyo hesabu vizuri mwaka 1982 na simulesheni nyingi za leo zimejengwa juu yake.

Wengi husimulia hadithi hii wakaishia hapo, wanasema mnaona, ugonjwa ukikaa na watu unapoa wenyewe. Tuliyasikia sana hayo wakati wa korona. Naomba tuache kuyarudia, kwa sababu sungura nao walikuwa wanabadilika. Fenner na wenzake walichukua sungura wa porini wakawajaribu kwa kirusi kile kile cha wastani, na ndani ya miaka kama saba vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 90 hadi karibu robo. Sungura akishakuwa mgumu hivo, kirusi cha wastani kinafukuzwa mwilini mapema mno, na hapo anayefaidika ni kirusi kikali zaidi. Na ndo kilichotokea, virusi vilivyokusanywa miongo iliyofuata, vikijaribiwa kwa sungura wa maabara ambao hawana huo ugumu, vingine vilikuwa vikali vibaya sana na vinaangusha kinga yote ya mwili. Ukiendesha simulesheni na kumbadilisha kirusi peke yake unapata hadithi ya kupoa, ukiwabadilisha wote wawili unapata hadithi ya kweli. Ndo maana nasisitiza neno pamoja.

Wafugaji wa kuku, yenu hii. Ugonjwa wa mahepe, wengine mnauita mareksi, ule unaopoozesha miguu na kutoa uvimbe. Chanjo yake inatumika tangu karibu mwaka 1970 na imeokoa kuku wasiohesabika. Ila chanjo hiyo inamzuia kuku asife, haimzuii kubeba kirusi na kukimwaga kwenye vumbi la manyoya. Mwaka 2001 Sylvain Gandon na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba chanjo ya namna hiyo inaweza kuvipa nafasi virusi vikali ambavyo zamani vingejiua kwa kumuua mwenyeji haraka. Watu wengi hawakufurahi. Mwaka 2015 Andrew Read na wenzake wakachapisha majaribio ya kuku wenyewe: ambao hawakuchanjwa, wakipewa kirusi kikali kupita kiasi walikufa ndani ya siku chache bila kusambaza kitu cha maana, waliochanjwa waliishi na wakakimwaga kirusi wiki nyingi.

Naomba mtu asitoke hapa akisema nimesema chanjo ni mbaya! Chanjeni kuku wenu, tena siku ile ile wanapototolewa, maana kirusi kikali kiko nje tayari na asiyechanjwa ndo atakayekufa. Chanjo zinazozuia maambukizi yenyewe hazina tatizo hili, ya surua imetumika tangu miaka ya 1960 na inafanya kazi mpaka leo. Kinachosemwa ni kwamba ukijua chanjo yako inavuja mahali fulani, unaongeza usafi wa banda, unatenganisha makundi ya umri, unapunguza hiyo njia ya kuvuja.

Sasa malaria, nimeiachia muda mrefu kwa sababu ni yetu.

Mnajua kuhusu selimundu, yaani sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto akirithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili anaugua, akirithi kwa mzazi mmoja tu anakuwa mbebaji, anaishi vizuri na ana kinga kubwa sana dhidi ya malaria kali. Aliyeliona hilo ni Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu za watu wa jamii mbalimbali akakuta jeni hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria kwenye malaria nyingi, na ni adimu nyanda za juu na maeneo makame. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wa kinga yenyewe.

Tuiweke kwenye kompyuta, kwa namba za mfano tu. Tuseme kwenye kijiji chenye malaria nyingi na hakuna matibabu, kwa kila wabebaji 100 wanaofika utu uzima, wasio na jeni hiyo wanafika 85, na wenye selimundu kamili hafiki hata mmoja, ndo hali ilivyokuwa zamani. Anza na jeni ikiwa adimu kabisa, endesha vizazi. Inapanda, alafu inasimama penyewe kwenye asilimia 13 hivi ya jeni zote, maana yake wabebaji ni karibu mtoto 1 kati ya kila 4 au 5, na mtoto 1 kati ya karibu 60 anazaliwa na selimundu kamili. Haipandi zaidi kwa sababu wanaougua wanaongezeka, haishuki zaidi kwa sababu malaria inawapunguza wengine. Hivo ndo viwango vya kawaida kwenye maeneo mengi ya kwetu yenye malaria kali, na nyuma ya hiyo namba kuna akina mama wa vizazi na vizazi waliozika watoto kwa pande zote mbili.

Alafu zima malaria kabisa kwenye simulesheni, endesha vizazi kumi vingine, ambavyo ni kama miaka 250. Wabebaji wanakuwa bado zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10! Kwahiyo mtu akikuambia tukimaliza malaria selimundu nayo itaondoka yenyewe, muulize mtoto aliyezaliwa mwaka huu atasubiri miaka 250? Kliniki za selimundu, vipimo vya watoto wachanga, dawa ya hydroxyurea ipatikane kwa bei ya mwananchi, hayo ni ya sasa hivi, na nchi yetu Tanzania ni kati ya zile zenye watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani.

Mpaka hapo nimembadilisha mwenyeji tu. Je kimelea cha malaria kilikaa kimya miaka yote hiyo? Mwishoni mwa 2021 ulichapishwa utafiti wa watoto waliougua malaria kali Gambia na Kenya, zikasomwa jeni za mtoto na jeni za kimelea kilichomkuta, zote mbili kwa pamoja. Watoto wabebaji wa selimundu ni wachache sana wanaofikia malaria kali, ila wale wachache waliofikia, vimelea vyao mara nyingi vilikuwa na alama maalumu katika sehemu tatu za jeni za vimelea hivyo, alama ambazo kwa watoto wengine si za kawaida hivo. Na alama hizo zilikuwa nyingi zaidi Kenya kuliko Gambia. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Kufuli imewekwa na wazee wetu maelfu ya miaka iliyopita, na ufunguo wake unaonekana umeshachongwa na unazunguka pwani yetu hii hii.

Dawa ni hivo hivo ila kwa kasi zaidi, maana dawa tunaibadilisha sisi kwa waraka mmoja wa wizara. Klorokwini ilitusaidia miaka mingi alafu ikachoka. Malawi waliiacha mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kule inaponya tena karibu watoto wote. Vimelea sugu vilikuwa vinalipa gharama, vinashindwa na wenzao pale ambapo dawa haipo. Mtu mvivu angesema basi kila dawa tukiipumzisha itarudi, lakini ukiweka gharama ya usugu kuwa ndogo kwenye simulesheni, usugu haurudi nyuma hata ukisubiri sana, na gharama hiyo inatofautiana dawa hadi dawa. Lazima ipimwe, haikisiwi. Kwa sasa usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, ile dawa kuu ndani ya dawa mseto za malaria, umeshathibitishwa Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera upande wa Karagwe. ALu, ile dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati, bado inaponya kwa sababu ile dawa ya pili ndani yake inabeba mzigo, kimelea kinachelewa tu kutoka kwenye damu. Ila kumbukeni Tierra, hakuna aliyekiweka kile kimelea cha 45.

Naona mkono, karibu dada.

Swali la dada ni zuri, anasema yeye ni nesi wa zahanati, hana laptopu wala hajui programu, anahusika wapi. Dada unahusika kuliko mimi. Simulesheni ya wilaya yako inaniuliza vitu ambavyo siwezi kuvibuni: kati ya wagonjwa waliopewa ALu, wangapi siku ya tatu bado wana vimelea kwenye slaidi, na vimelea hivyo vina jeni gani. Ukituma matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, yakiwa na tarehe na kijiji, maabara inasoma jeni na mimi napata namba ya kweli ya kuanzia. Bila hiyo naweka namba ya nchi nyingine na majibu yanakuwa ya nchi nyingine.

Na yule kaka ameuliza kama kuna simulesheni iliyowahi kushauri kitu kinachofanyika. Ipo, mwaka 2008 Maciej Boni na wenzake walilinganisha kuwapa wagonjwa wote dawa mseto moja mpaka ichoke, kubadilisha kwa zamu, na kutumia dawa mseto kadhaa kwa wakati mmoja kwa wagonjwa tofauti. Hiyo ya tatu ndo ilichelewesha usugu zaidi, kwa sababu kimelea kikitoka kwa mgonjwa mmoja hakijui kitakutana na dawa gani kwa anayefuata. Ugumu wake uko stoo: zahanati moja inatakiwa iwe na dawa mbili au tatu bila kuishiwa hata moja, maana ikiisha moja wote wanarudi kwenye ile iliyobaki na tumerudi kwenye mpango wa kwanza. Kwahiyo kaka kabla ya kuniuliza mimi kuhusu modeli, muulize mfamasia wa wilaya ALu iliisha lini mara ya mwisho na ilichukua muda gani kurudi, hiyo namba nayo naihitaji kwenye programu.